Faneli ya Kusikilizia Nyota

Fundi aliyenitengenezea faneli ile pale Migwani kazi yake ya kila siku ni majiko ya makaa. Nilimpelekea mchoro wenye vipimo vya kila upande, naye akaugeuza mara mbili akitafuta upande wa juu. Akaniuliza kama ni ya kukingia maji ya mvua ama ni ya kulishia kuku.

"Ni ya kusikilizia nyota," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akatazama mabati yake. "Basi nikuwekee na kifuniko," akasema, "zisitoroke."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, ila jicho langu halikutoka kwenye nyundo. Kosa la upana wa kidole kwenye koo la faneli lingeharibu kila kitu. Nilisimama pale tangu asubuhi hadi alasiri nikipima kila mkunjo kwa rula, hadi fundi akaweka nyundo chini na kuniuliza kama tangu nizaliwe nimewahi kumwamini mtu yeyote.

Si yeye wa kwanza kuniuliza hivyo. Nilisomea fizikia chuo kikuu, lakini ugonjwa wenyewe ulianza mapema zaidi. Nilikuwa mtoto wa "tunajuaje?" Tunajuaje kwamba mvua imekosekana kwa sababu ya dhambi? Tunajuaje kwamba mizizi hii inashusha presha? Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwahi kunitoa nje nikakae na viatu vya watu. Chuoni tabia hiyohiyo ilinipatia alama. Kisha nikarudi kwa mama yangu Migwani nikiwa na shahada, sina kazi, na tabia yangu ikiwa haina pa kwenda.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kuchoshwa na maswali yangu ni mama yangu mdogo, kitinda mimba wa nyanya yangu. Ananizidi miaka sita tu. Likizo zote tulilala kitanda kimoja kule kwa nyanya, Makueni, nami nilikuwa nikimuuliza maswali mpaka anajibu uongo ili nilale. Mwezi una nini ndani? Uji. Nani anaupika? Lala. Mwaka uliopita alikwenda Uarabuni kufanya kazi katika nyumba ya watu.

Faneli ilihitajika kwa ajili ya nafasi moja. Mhadhiri wangu wa zamani alinitumia tangazo la mafunzo ya mwaka mmoja, nje ya nchi, kwa mafundi wa darubini za redio. Hizi ni zile darubini ambazo hazitazami anga bali hulisikiliza. Anayeomba alitakiwa kutengeneza kipokezi chake mwenyewe na kurekodi sauti ya hidrojeni kutoka angani kwa miezi sita mfululizo, mahali pamoja, pasipo na kelele. Hidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na katikati ya nyota imejaa tele. Kila chembe yake mara mojamoja hutoa wimbi dogo la redio. Chembe moja haisikiki. Lakini zikiwa nyingi kiasi kile, mnong'ono wao unafika hadi huku, na faneli ya mabati yenye mdomo wa upana wa mlango inaweza kuukusanya.

Migwani haikufaa. Kuna mnara wa simu juu ya soko, kuna mashine za kuchomelea vyuma, kuna duka la video. Kompyuta yangu ilionyesha kelele tupu. Nikafikiria mahali pa kimya kuliko pote ninapopajua, nikafunga faneli kwa kamba nikaenda nayo kwa nyanya.

Sisi humwita susu, kama Wakamba wengi wanavyowaita nyanya zao. Bonde lake liko nyuma ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Mbumbuni. Kilima kile kinazuia kila kitu. Simu ikishavuka pale mgongoni inakufa. Anayetaka kupiga au kupigiwa hupanda mwamba ulio juu ya mashamba, na kwa miaka mingi mwamba ule umekuwa kama kibanda cha simu cha kijiji kizima. Saa kumi jioni utawakuta watu kumi au kumi na watano, kila mmoja mahali pake. Mwenye duka husimama ukingoni. Mzee wa kanisa huweka simu yake ndani ya sufuria ndogo aliyoificha kichakani kwa kazi hiyo. Wengine huinua simu juu na kugeuka polepole, uso ukiwa umekunjwa, mpaka mstari mmoja wa mtandao utokee, kisha wanabaki wameganda katika mkao huohuo, hata kama ni wa kuchekesha.

Mahali pa susu palikuwa ni ufa katikati ya mwamba. Aliketi pale, akaiweka kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, juu ya jiwe, akaitazama. Mama mdogo alikuwa akipiga kila Jumapili saa kumi, alipopewa muda wa kupumzika. Kisha akaacha. Jumapili ya mwisho aliyopiga ilikuwa ya upepo mkali na magoti ya susu yalikuwa yamekaza, kwa hiyo hakupanda. Kesho yake alipopanda akakuta alama kwamba alipigiwa mara tatu. Tangu siku ile, kimya. Nilipofika na faneli yangu zilikuwa zimeshapita wiki tatu, na susu alikuwa ameacha kupanda Jumapili tu. Alipanda kila siku.

Mimi nilisimamisha faneli nyuma ya jiko lake, nikaunganisha kipokezi changu kisichozidi kidole gumba, na kompyuta, na sola iliyokuwa ikiwasha taa yake. Miezi ile ukanda wa nyota ulikuwa ukipita juu ya nyumba mchana, usioonekana, na siku ya nne nikauona mlima mdogo ukijitokeza kwenye mchoro wa kompyuta pale hasa ulipotakiwa kuwa. Nilikaa chini. Nilihisi jambo ambalo sikulihisi hata siku ya kuvaa joho.

Susu alikuja na kikombe chake cha uji akaangalia.

"Hiyo ndiyo nini?"

"Ni gesi, susu. Iko mbali sana. Sauti yake ilitoka huko kabla hatujazaliwa, mimi na wewe."

"Gesi ya kupikia?"

"Hapana."

"Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Inavuma tu."

Akanywa uji, akatazama tena ule mlima mdogo. "Wewe angalau yako inavuma," akasema, akaenda kutafuta fimbo yake ya kupandia mwamba.

Nilirekodi siku baada ya siku. Ningependa kusema nilikuwa na furaha, lakini nilikuwa na hofu iliyonifanya niamke kuangalia nyaya mara tatu kabla ya kunawa uso. Kuku wakipita karibu niliwafukuza. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo hatukuizungumzia mezani: kila wiki iliyopita bila mama mdogo kupiga ilikuwa kama mtu anakaza kamba zaidi. Tulisikia habari za wasichana wanaofanya kazi huko. Kila mtu anazisikia. Mama yangu alikuwa ameuliza kwa wakala aliyemsafirisha akajibiwa kwamba asubiri.

Mwezi wa tatu wa kurekodi, watu wawili wenye fulana za kung'aa walikuja bondeni wakitafuta mahali pa kusimamisha mnara wa simu. Walizunguka siku mbili, kisha wakasema mahali panapofaa ni kipande cha juu cha shamba la susu. Susu alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Angepata simu ndani ya nyumba. Simu ingelia akiwa jikoni, akiwa kitandani, akiwa na magoti mabovu ama mazima. Lakini wageni walisema hawataki ugomvi baadaye. Walitaka kijiji kizima kikubali, na kama hakitakubali, upande wa pili wa kilima walikuwa tayari.

Kijiji kilikuwa na minong'ono yake. Mzee wa kanisa, yule wa sufuria, alisema minara hufukuza mawingu, na akataja mahali ambapo mnara uliwekwa na mahindi yakakauka. Wengine walisema unaleta saratani. Ndipo naibu wa chifu akaita baraza Alhamisi, ndani ya kanisa letu ambalo kuta zake hazijamalizika.

Mimi nilijua tangu nilipoona fulana zile. Mnara mita mia tatu kutoka kwenye faneli yangu ungemeza kila kitu. Kipokezi changu cha bei rahisi kingezibwa kama sikio la mtu aliyesimama kando ya spika ya harusi. Zilikuwa zimebaki zaidi ya miezi mitatu. Usiku ule wa kuamkia baraza nilijiambia kwamba hakuna atakayeniuliza.

Naibu wa chifu aliniuliza wa kwanza.

"Tuko na bahati," alisema. "Huyu mtoto wetu amesoma hayo mawimbi chuo kikuu. Si mambo ya kuambiwa. Binti, simama utueleze. Hii kitu ni mbaya ama si mbaya?"

Nilisimama. Watu wote waligeuka, na susu aliyekuwa ameketi mstari wa mbele akageuka pia, akitabasamu kidogo, kama mtu ambaye mtoto wake ameitwa kupokea zawadi. Nilijua jibu. Mnara haufukuzi wingu lolote. Mawimbi yake ni dhaifu kuliko jua lililokuwa likituchoma kupitia mapengo ya ukuta. Ningeweza kusema hayo kwa sentensi mbili. Nikasema hivi:

"Kwa kweli, sayansi haijamaliza kuchunguza. Tafiti bado zinaendelea. Siwezi kusimama hapa niwaambie kwa uhakika wa asilimia mia kwamba hakuna madhara yoyote."

Nikaketi. Kila neno lilikuwa la kweli.

Ni lazima nieleze jinsi habari mbaya zinavyobebwa kwetu. Hakuna anayekuja mlangoni kusema fulani amekufa. Husema fulani amezidiwa kidogo, njoo tu, usijali. Ukiambiwa usijali unajua uchukue kitambaa cha kichwa cheusi. Daktari akisema "bado tunaangalia", familia huanza kumpigia simu mchungaji. Kwa hiyo mtu mwenye shahada aliposimama akasema kwa upole, akitazama sakafu, kwamba hawezi kuwa na uhakika kamili, kanisa zima lilisikia amesema mnara unaua, ila ana adabu. Mama mmoja nyuma yangu aliguna na kusema taratibu, "Maskini, ameshindwa hata kutuambia." Walinyoosha mikono. Ya kukataa ilikuwa mingi. Wageni wakasema watarudi Jumatano, pengine watu watakuwa wamefikiria tena.

Njiani nilijaribu kuzungumza kuhusu mbuzi, susu akaitikia kuhusu mbuzi. Asubuhi ya Ijumaa nilipoamka hakuwepo. Alikuwa amechukua mkeka, chupa ya chai, mwavuli wa zamani, na kwenda mwambani. Zamani alikwenda jioni, kwa muda wa saa moja tu. Sasa alikaa kutwa. Nilimwona kutoka kwenye faneli, doa dogo la kitambaa cha manjano juu ya mawe, jua likimpiga. Mlima wangu mdogo kwenye kompyuta ulikuwa mzuri siku ile kuliko siku zote. Sikuweza kuutazama.

Jumamosi nilimpelekea githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Alikuwa amekunja mguu mmoja na goti lilikuwa limevimba.

"Susu, shuka ule nyumbani."

"Akipiga?"

"Nitakaa mimi."

"Akipiga atataka mimi." Alichukua bakuli. Alikula vijiko vitatu, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Ule mnara unaua?"

"Hapana."

"Unafukuza mvua?"

"Hapana, susu."

"Basi kwa nini ulisema vile?"

"Sikusema unaua. Nilisema—"

"Nilikuwa pale. Najua ulisema nini. Nakuuliza kwa nini."

Nilimwambia. Nilimweleza kuhusu kipokezi, na miezi mitatu iliyobaki, na nafasi ile ya mafunzo, na kwamba huenda nisipate nyingine. Nilijieleza kwa urefu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio akiwa anachambua maharagwe. Nilipomaliza alifunika bakuli.

"Hizo nyota," akasema, "mwaka kesho zitakuwa pale?"

"Zitakuwa pale."

"Huyu mwanangu mimi sijui."

Alirudisha simu juu ya jiwe, akaisogeza kidogo kushoto.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilimwomba mchungaji dakika mbili. Nilisimama palepale niliposimama Alhamisi na kusema wazi kwamba mnara hauui, haufukuzi mawingu, na kwamba nilizungumza kwa kuzunguka kwa sababu nilikuwa na faida yangu: nilitaka bonde libaki kimya ili nimalize kurekodi.

Mzee wa kanisa akainua mkono. "Ngoja nielewe. Kwa hivyo umetunyima simu ili usikilize nini?"

"Gesi. Ya angani."

"Na hiyo gesi inakuambia nini?"

"Haisemi kitu, mzee. Inavuma."

"Inavuma," akarudia, akawageukia wengine. "Ndugu zangu, inavuma."

Walicheka mpaka mchungaji mwenyewe akainamia Biblia yake. Nilidhani kicheko kile ndicho adhabu yangu na kwamba sasa mambo yangenyooka. Kisha yule mama aliyenihurumia Alhamisi akasimama. Hakuwa akicheka.

"Alhamisi ulisema hivi, leo unasema hivi. Mimi sijasoma. Lakini nyanya yako amekasirika, kila mtu ameona analala kwenye mawe. Labda Alhamisi ndiyo ulisema ukweli na leo unamtuliza. Sasa sisi tunajuaje?"

Niliketi. Kama ningekuwa yeye, nami ningeuliza hivyohivyo.

Baadhi walibadili msimamo, baadhi hawakubadili. Naibu wa chifu alisema atazungumza nao nyumba kwa nyumba. Hakuwahi. Jumatano wale wa fulana za kung'aa hawakuja. Naibu aliupata ujumbe wao alipopanda mwambani jioni: upande wa pili wa kilima wameshatia sahihi, mashimo yanachimbwa, bonde letu litafikiriwa wakati mwingine. Kilima kikiwa katikati, mnara wa upande wa pili hautatusaidia sisi chochote. Vijana wa bodaboda wa Mbumbuni walikuwa tayari wamenipa jina. Waliniita Mama Gesi, na ninaambiwa bado wananiita hivyo.

Siku hiyohiyo goti la susu lilikataa kabisa. Alijaribu kusimama mara mbili, mara ya tatu akaketi kitandani na kuweka fimbo sakafuni taratibu. Alinipa kabambe yake.

"Wewe nenda ukakae nayo."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye ufa wake mpaka giza likaanza kuingia. Nilifikiria jinsi nitakavyoteremka mbio kilima kile simu ikilia, na jinsi mtandao utakavyokatika hatua ya tano. Niliwatazama watu wakiinua simu zao na kugeuka polepole. Mzee wa kanisa alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria yake, akipaza sauti kwa mtoto wake wa Mombasa, na mtandao wake, ambao kwa mara ya kwanza nilijali kuuangalia, ulikuwa mistari mitatu. Mimi nilikuwa na mmoja. Nilimuuliza kwa nini anaiweka pale. "Sijui," akasema, "ila ikiwa ndani inashika, ikiwa nje haishiki. Wewe ndiwe msomi."

Nilijua kwa nini. Chuma kilichopinda hukusanya mawimbi. Nilikuwa nimelipia fundi anitengenezee kitu hichohicho, kikubwa mara ishirini, kikiwa kimekaa nyuma ya jiko la susu kimeelekezwa juu.

Alhamisi asubuhi niliichomoa kompyuta. Sikuangalia mchoro kwanza, nilijua nikiuangalia nitatafuta sababu ya kuendelea kurekodi. Nilifungua kamba, nikailaza faneli juu ya meza na mawe mawili, mdomo wake ukitazama pengo jembamba mwishoni mwa kilima, upande wa Mbumbuni. Nikaifunga kabambe kwa uzi kwenye koo lake. Hakuna mtandao. Nikaisogeza upana wa kidole kulia. Hakuna. Niliisogeza faneli ile saa nzima, nikiweka kokoto chini ya mguu wa meza, nikitoa kokoto. Susu aliniangalia kutoka kwenye kiti mlangoni. Karibu saa sita mstari mmoja ulitokea, ukapotea, ukarudi, kisha ikawa miwili. Simu ikalia mlio mmoja mfupi. Ilikuwa alama ya kupigiwa: nambari ndefu ya nje tusiyoijua, alfajiri ya siku hiyo, susu akiwa bado kitandani na mimi nikiwa sijapanda mwambani.

Nilipiga nambari ile. Haikupatikana. Nilipiga tena mchana, na jioni. Susu alihamishia kiti chake kando ya meza na hakutoka hapo ila kwa sababu moja, na hata kwa hiyo alikwenda akitazama nyuma.

Ilikuwa Jumapili, baada ya siku tatu. Nilikuwa nakuna mhogo. Simu ililia ndani ya faneli na mabati yote yakalia pamoja nayo, kuku wakatawanyika. Niliingiza mkono, nikabonyeza, nikaweka sauti ya juu.

"Mama?"

Ilikuwa sauti yake. Susu aliinuka kwa goti lile bovu na kuingiza kichwa chake chote ndani ya mdomo wa faneli. "Mwanangu," akasema, na sauti ikakatika.

"Susu, rudi nyuma."

"Ameenda."

"Hajaenda. Unamzuia. Toka mbele, simama huku kando."

"Nikisimama huko nitamsikiaje?"

"Rudi tu. Tafadhali."

Alirudi hatua moja. Kukawa na mkwaruzo. Akarudi hatua ya pili, mikono akiwa ameikutanisha nyuma ya mgongo kama anajizuia mwenyewe, na sauti ikatoka tena.

"—uko? Mama, uko?"

"Niko."

"Mbona unasikika mbali hivyo? Kama uko ndani ya debe."

"Ni huyu mtoto wa dada yako. Ameweka simu kwa debe lake la nyota."

Mama mdogo akacheka. Kicheko kilikuwa kilekile, ila kilikuwa kimepungua mwishoni, kama kimekosa pumzi. Alisema ametoka katika ile nyumba. Alisema simu yake ilichukuliwa na hakurudishiwa. Yuko na wenzake mahali, wanangoja karatasi za kusafiria, amelipa kidogo ili atumie simu hii. Susu aliuliza kama anakula. Akasema anakula. Susu aliuliza mara ya pili, naye akasema ndiyo, kwa sauti ya chini. Niliona susu akianza kusogea mbele kuelekea sauti ile, mguu mmoja, na mistari kwenye simu ikashuka hadi mmoja. Nilimshika mkono. Akaurudisha mguu.

"Watatuambia Ijumaa," alikuwa akisema mama mdogo. "Ijumaa nitapi—"

Tulisubiri sana kabla ya kukubali kwamba imekwisha. Susu aliniuliza ni Ijumaa ipi. Nilisema lazima ni hii inayokuja. Hakuniuliza ninajuaje, na mimi ningemshukuru kama angeuliza, maana sikujua.

Jioni ile nilichukua kijiti nikachora mstari kwenye vumbi, hatua mbili kutoka kwenye faneli, upande, mahali anapopaswa kusimama. Kesho yake nilipanda mwambani kumwandikia mhadhiri wangu kwamba rekodi zangu zimeishia mwezi wa tatu. Alijibu kwamba ni pengo kubwa na akauliza kama chombo kimeharibika. Nikamjibu kwamba hakijaharibika, kinafanya kazi. Halafu nikamwandikia naibu wa chifu barua kuhusu mnara, kwa sentensi fupi zisizo na "huenda" hata moja, nikaipeleka mwenyewe. Mhadhiri hajaandika tena, na naibu bado hajajibu.

Ninaandika haya Alhamisi. Susu amefagia uwanja tangu asubuhi, mguu ukimuuma, hadi chini ya meza. Amefagia kila mahali, akauzunguka ule mstari kwa ncha ya ufagio, akauacha.